Maji yanayopanda kutoka chini: Kwa nini nyumba za Rongai na Kitengela hazikauki

Mvua ya masika inapochacha katika miji ya Ongata Rongai na Kitengela, Kaunti ya Kajiado, wapangaji wa orofa za chini huwa na kazi moja isiyo na malipo: kusogeza kabati na vitanda mbali na ukuta. Nyuma ya kabati hukutwa rangi iliyofura kama malengelenge, unga mweupe wa chumvichumvi juu ya sakafu, na madoa meusi ya kuvu yanayopanda kutoka pembeni hadi kimo cha kiuno. Nguo zilizokunjwa vizuri Januari hunuka Mei. Mtoto aliyekuwa akilala upande huo wa chumba huanza kukohoa usiku, na mama hununua dawa ya kikohozi, kisha nyingine.

Masaibu ya aina hii hayatangazwi katika taarifa za habari. Kamera hufika jengo linapoporomoka, jinsi ilivyokuwa mtaani Huruma, Nairobi, mnamo Aprili 29, 2016, ambapo jengo la makazi lililosimama kando ya mto lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu karibu 50. Unyevu hauna kishindo cha namna hiyo. Hata hivyo, maji yanayolowesha ukuta ndiyo yale yale yanayokula vyuma vya nguzo na kulainisha udongo chini ya msingi. Tofauti ni muda tu.

Ukubwa wa tatizo hueleweka mtu akitazama idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 170,000 mjini Ongata Rongai na zaidi ya 150,000 mjini Kitengela, katika kaunti iliyokuwa na watu wapatao milioni 1.1. Miji hii ilikuwa vituo vidogo vya biashara vizazi viwili vilivyopita. Rongai ilichipuka kutokana na machimbo ya mawe katika miaka ya 1950, na mtaa wa Kware ungali unabeba kumbukumbu hiyo katika jina lake, ambalo ni neno la Kiingereza la machimbo lililotiwa lafudhi ya Kiswahili. Kitengela nayo ilikuwa malisho yaliyozunguka kituo cha Noonkopir, njiani kuelekea Namanga. Waliofuata ardhi huko ni wafanyakazi wa Nairobi waliochoka kulipa kodi, wengi wao wakiwa na kiwanja cha futi 50 kwa 100 na mkopo wa chama cha akiba utakaokatwa mshahara kwa miaka mingi. Kwa familia kama hiyo, ukuta unaolia maji si kero ndogo. Ni akiba ya maisha inayooza polepole.

Jina la kaunti yenyewe lingetosha kuwa onyo. Kajiado limetokana na Olkejuado, neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu, na mto wenyewe ni wa msimu: miezi mingi huwa mchanga mtupu. Mfugaji aliyeendelea kuuita mto hata ulipokauka alijua anachosema. Mnunuzi wa kiwanja aliyeletwa na dalali mwezi wa Agosti, vumbi likitimka, hakupata wa kumweleza.

Hapo ndipo chimbuko la sehemu kubwa ya matatizo ya leo. Kuanzia mvua ya vuli ya 2020 hadi ile ya 2022, maeneo kame ya Kenya yalipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa takriban miaka 40. Wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo kwa wingi. Katika miaka hiyo hiyo, ujenzi haukusimama. Misingi ilichimbwa katika ardhi iliyokuwa ngumu kama tofali, mabonde ya maji yakagawanywa viwanja, na orofa za chini ya ardhi zikafukuliwa bila tone moja kuonekana shimoni. Kisha mvua ikarejea. Vuli ya 2023 ililetwa na El Nino, na masika ya 2024 yakawa mabaya zaidi: zaidi ya watu 200 walifariki kote nchini, na mwishoni mwa Aprili mto Athi ulivunja kingo, barabara kuu ikafurika karibu na Kitengela na wakazi wakazingirwa na maji. Nyumba nyingi zilizoanza kuvuja mwaka huo hazikuharibiwa na mvua ya 2024. Ziliharibiwa siku msingi ulipofunikwa wakati wa kiangazi.

Ili kuelewa kilichotokea inafaa kuanza na udongo. Nyanda za Kitengela na baadhi ya sehemu za Rongai zimefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita 'blaki kotoni'. Tabia yake ni ya kigeugeu. Ukilowa, chembe zake hunyonya maji na udongo wote hufura. Ukikauka, hunywea na kupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kutumbukiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo huinuliwa na kushushwa kila msimu, wala si kwa usawa: pembe moja hupanda, nyingine hubaki. Waswahili walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitengela mtu hujenga ukuta kwanza, ufa ukaja wenyewe, na ufa huo ukawa mlango wa maji.

Dawa inayojulikana ni kuuchimba udongo huo wote hadi kufikia maramu au mwamba, kuuondoa kwa malori na kujaza nyenzo nyingine isiyofura. Ni kazi ghali, na pale tabaka jeusi linapokwenda chini mita kadhaa, gharama yake huweza kushindana na ya kuta. Baadhi ya wajenzi hukata njia mkato, wakachimba mitaro ya ukuta pekee na kuuacha udongo mweusi katikati, chini ya sakafu. Sakafu ya namna hiyo hupasuka mapema, na unyevu hupenya katikati ya sebule.

Lakini hata aliyefuata ushauri na kuchimba kote anaweza kupatwa na jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Shimo lililochimbwa katika mfinyanzi na kujazwa maramu na mawe ni bakuli. Mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, maramu hupitisha. Mvua inayonyesha kuzunguka nyumba hutafuta njia nyepesi, ikaingia kwenye maramu, ikateremka hadi chini, na huko hukuta ukingo wa mfinyanzi pande zote. Maji hayana pa kwenda. Nyumba hukaa ndani ya bakuli hilo kwa wiki kadhaa baada ya mvua kukoma, na ndiyo sababu ukuta hulowa zaidi mwezi wa Juni, jua likiwa limesharudi, hali mwenye nyumba akiapa kwamba bomba la jirani limepasuka.

Wakati mwingine, ni kweli, limepasuka. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Rongai na Kitengela imetegemea mashimo na matangi ya maji taka badala ya mabomba ya umma. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye jengo la orofa nne, shimo la kunyonya maji taka halina budi kuwa hatua chache kutoka ukutani. Udongo usionyonya maji ya mvua haunyonyi maji taka pia. Yanayoonekana ukutani katika hali hiyo si unyevu tu, na harufu yake hujieleza.

Kuna pia suala la jirani. Anayejenga wa kwanza hujenga juu ya ardhi ilivyo. Wa pili, akiwa ameona matope ya mwenzake, hujaza malori kadhaa ya maramu na kuinua kiwanja chake nusu mita. Wa tatu huinua zaidi. Hatimaye barabara ya mtaa huwekewa matofali ya saruji au lami juu ya tabaka jipya, na nyumba ya yule wa kwanza, iliyokuwa na vidato vitatu vya kupandia mlangoni, huwa na vidato viwili vya kuteremkia. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi. Maji ya mtaa mzima yamehamishiwa kwa mtu mmoja, na zuio lililokuwa juu ya ardhi sasa limezikwa.

Zuio hilo ndilo lile mafundi huliita DPC, utepe wa lami au plastiki nzito unaolazwa juu ya msingi, kwa kawaida sentimita 15 juu ya uso wa ardhi, kabla ya tofali au jiwe la kwanza la ukuta. Kazi yake ni moja tu: kuyakatia njia maji yanayopanda. Jiwe la kujengea linalotumika sana Nairobi na viungani mwake, lile linalokatwa kwa mashine, limetokana na majivu ya volkeno yaliyoshikana, na ndani yake lina vitundu vidogo visivyohesabika. Jiwe hilo hufyonza maji jinsi utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Pasipo zuio, unyevu huweza kupanda karibu mita moja ukutani, ukibeba chumvi za udongo. Maji huyeyukia hewani. Chumvi hubaki, ikakua ndani ya plasta na kuisukuma hadi imwagike kama unga.

Desturi ya kuweka zuio si ngeni. Uingereza iliifanya sharti la ujenzi tangu karne ya 19, na kanuni zake ndizo zilizorithiwa Afrika Mashariki. Utepe wenyewe ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa katika nyumba nzima. Unaporukwa, mara nyingi si kwa sababu ya umaskini. Ni kwa kuwa siku ya kuulaza mwenye nyumba alikuwa kazini Nairobi, na fundi alikuwa na haraka ya kupandisha kuta zinazoonekana. Vivyo hivyo karatasi ya plastiki ya geji 1000 inayotandazwa chini ya slabu ya sakafu. Huwekwa, ndiyo, lakini kisha vibarua hupita juu yake na mikokoteni ya zege na kuitoboa, na zege humwagwa bila yeyote kuziba matundu.

Kitengela kuna la ziada. Maji ya visima vingi vya huko yana chumvi, na hilo mkazi yeyote anayenunua maji ya kunywa kutoka kwa malori analijua. Mtu asiyekunywa maji hayo huona si neno kuchanganyia zege. Chumvi inayoingia kwenye zege huvuta unyevu kutoka hewani na kuharakisha kutu ya vyuma. Ni kinaya kwamba haya hutokea kilomita chache tu kutoka viwanda vya Athi River, kitovu cha saruji ya Kenya.

Tatizo huwa zito zaidi pale mwenye jengo anapoamua kwenda chini. Katika miteremko ya Rongai, inayoelekea mto Mbagathi na vijito vyake, si ajabu kuona jengo ambalo upande wa barabara lina orofa nne na upande wa nyuma tano. Ile ya tano, ambayo nusu yake imo ardhini, huanza kwenye mchoro kama maegesho ya magari au stoo. Baada ya mwaka mmoja huwa vyumba vya kukodisha, kanisa, au karakana ya fundi wa viatu.

Ukuta wa orofa ya chini ya ardhi haupaswi kutazamwa kama ukuta wa kawaida. Maji yaliyotuama nyuma yake husukuma kwa uzito wake: kwa kila mita moja ya kina, takriban tani moja kwa kila mita mraba. Ukuta wa mita tatu uliozungukwa na udongo uliojaa maji husukumwa, pale chini, kwa nguvu ya tani tatu kwa kila mita mraba, mchana na usiku. Hakuna rangi inayopakwa kwa ndani itakayostahimili hilo kwa muda mrefu. Hubanduliwa kutoka nyuma, kama ganda la chungwa. Ndiyo maana wahandisi husisitiza kwamba kizuizi cha maji sharti kiwekwe upande wa nje, upande maji yanakotoka, ili shinikizo lenyewe likikandamize ukutani badala ya kukibandua.

Hata hivyo kizuizi pekee hakitoshi, na hapa ndipo maduka ya vifaa vya ujenzi yamewapotosha wengi. Mteja anayeeleza shida yake dukani huuzwa pakiti za unga wa kuzuia maji, kilo moja kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50, au ndoo ya rangi ya mpira. Bidhaa hizi si za uongo. Zikitumiwa mahali pake hufanya kazi. Kosa ni kuzitumia kabla ya kuuliza maji yataenda wapi. Kinachotangulia ni mtaro: chini kabisa, usawa wa kitako cha msingi, hulazwa bomba lenye matundu ndani ya kokoto, kokoto zikafungwa kwa kitambaa maalumu kinachozuia tope, na bomba likateremshwa hadi mahali palipo chini zaidi au kwenye kisima kidogo chenye pampu. Mtaro huo ndio unaotoboa lile bakuli. Ukuta usio na maji nyuma yake ni rahisi kuukinga. Ukuta wenye ziwa nyuma yake ni mapambano yasiyokwisha.

Baada ya mtaro ndipo huja utando wa lami unaoyeyushwa kwa moto na kubandikwa nje ya ukuta, au mchanganyiko wa saruji na kemikali inayopenya katika zege na kuziba vitundu. Palipo na maungio, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta, zege ya leo haishikani na ya juzi, na sharti uwekwe mshipi wa mpira wa kuzuia maji wakati wa kumwaga. Mshipi huo hauwezi kuongezwa baadaye. Kati ya mambo yote yanayosahaulika katika orofa za chini ya ardhi, huenda hili ndilo linalogharimu zaidi, kwa sababu maungio ndiyo hutangulia kuvuja na ndiyo magumu kuyatibu.

Aliyekwisha kujenga naye afanye nini? Kuna hatua kadhaa za bei nafuu ambazo hudharauliwa kwa kuwa hazina jina la kibiashara. Mifereji ya paa ikishikizwa na maji ya paa yakaelekezwa kwenye tangi badala ya kumwagika chini ya dirisha, sehemu kubwa ya maji yanayolowesha msingi huwa imeondolewa. Mjini Kitengela, ambako maji ya paa ni matamu kuliko ya kisima, faida ni maradufu. Ardhi inayozunguka nyumba ikisawazishwa iteremke kutoka ukutani, na sakafu ya nje ya zege yenye upana wa mita moja ikawekwa, mvua haipati nafasi ya kuzama pembeni mwa msingi. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani, pambo linalopendwa sana Rongai, ni tangi la maji lenye waridi juu yake. Iondolewe.

Kuchimba nje ya ukuta na kuweka utando baada ya nyumba kukamilika kunawezekana, ingawa katika viwanja vilivyobanana ukuta wa jirani huwa karibu mno. Inapokuwa hivyo hubaki kutibu kwa ndani: kubandua plasta yote iliyooza hadi kwenye jiwe, kuacha ukuta ukauke kwa wiki na hata miezi, kupaka kemikali ya kuziba vitundu, kisha kupiga plasta mpya. Wengi hawana subira ya kungoja ukuta ukauke. Hupaka rangi wiki hiyo hiyo, mpangaji mpya akaingia, na mvua inayofuata ikarudisha hadithi mwanzo.

Si kila unyevu hutoka ardhini, na uadilifu unadai hilo lisemwe. Mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi, ambao umeenea katika nyumba mpya za Kitengela kwa kuwa unaipa nyumba sura ya kisasa, unategemea mfereji wa ndani uliozungukwa na kuta. Ukiziba majani au kiota cha ndege, maji hufurika ndani, siyo nje, na dari ya jipsamu huanguka bila onyo. Aidha, baridi ya Julai katika nyanda hizi ni kali, na chumba kimoja chenye watu watano, jiko, na nguo za shule zilizoanikwa kwenye kamba hutoa mvuke ambao hugeuka maji unapogusa ukuta baridi. Wenye nyumba hupenda sana maelezo hayo ya pili. Huwaambia wapangaji wafungue madirisha. Njia ya kutofautisha ni nyepesi: unyevu wa mvuke hutokea juu, pembeni mwa dari na kuzunguka madirisha, na hauachi chumvi, unaopanda kutoka chini huacha mstari na unga mweupe.

Kuhusu afya, mjadala ulishafungwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mnamo 2009 likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya njia ya kupumua na ya kuzidiwa na pumu. Kuvu haihitaji muda mrefu. Kitu kilicholowa kikikaa siku mbili bila kukaushwa, tayari imepata makao. Kuipaka rangi juu ni kuitandikia kitanda.

Nchini Uingereza, ilibidi mtoto afariki ndipo sheria ibadilike. Awaab Ishak, mvulana wa miaka miwili mwenye wazazi kutoka Sudan, alikufa Desemba 2020 katika mji wa Rochdale. Mnamo Novemba 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba aliuawa na maradhi ya kupumua yaliyosababishwa na kuvu katika nyumba ya kupanga, nyumba ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia mara kwa mara na kuambiwa, miongoni mwa mengine, kwamba mienendo yao ndiyo ya kulaumiwa. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutekelezwa Oktoba 27, 2025 kwa nyumba za kijamii: hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au kuvu inayohatarisha afya ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Mpangaji wa Rongai ana nini? Kwenye karatasi, ana mengi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya makao ya kiwango kinachofaa. Sheria ya Afya ya Umma inaiweka nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya katika kundi la kero, na kumpa afisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenyewe airekebishe. Ila sheria ya kudhibiti kodi, ambayo ingempa mpangaji jopo rahisi la kumsikiliza, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita na ambacho leo hakipati hata chumba kimoja cha heshima mjini Rongai. Anayebaki nje ya kiwango hicho huambiwa aende mahakamani. Badala yake huhama, na mara nyingi hukatwa sehemu ya dipoziti kugharamia rangi ya ukuta ambao hakuuharibu yeye.

Upande wa ujenzi, kanuni hazikosekani. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya 2011 na husajili wanakandarasi na miradi. Serikali za kaunti, zilizochukua nafasi ya mabaraza kama la Olkejuado mwaka 2013, ndizo zinazoidhinisha michoro na kutoa cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kufanya kazi Machi 2025, zikachukua mahali pa kanuni za 1968 zilizokuwa zimepitwa na wakati. Mapengo ya sheria si kisingizio tena.

Pengo liko katika saa ya ukaguzi. Jengo hukaguliwa likiwa mchoro, na hukaguliwa, likikaguliwa, likiwa limesimama. Kinachoamua kama litakuwa kavu kwa miaka 30 ijayo hufanyika kati ya nyakati hizo mbili, katika siku chache ambapo mtaro wa msingi umo wazi: kama utando umebandikwa, kama bomba la kutolea maji limelazwa na linateremka, kama plastiki ya sakafu haijatobolewa. Siku hizo zikipita, hakuna afisa anayeweza kuona kitu. Udongo hufunika kazi njema na kazi mbovu kwa usawa. Kaunti ingeweza kutoza ada ya ukaguzi wa hatua hiyo moja na kukataa kutoa cheti pasipo sahihi yake, na ada hiyo isingefikia gharama ya kubandua plasta ya sebule moja. Benki na vyama vya akiba vinavyokopesha kwa awamu vingeweza kudai sahihi hiyo hiyo kabla ya kutoa pesa za kuta. Wao, kuliko wote, ndio wenye dhamana inayolowa.

Haifai kusingizia kwamba ujuzi haupo katika eneo hili la dunia. Waswahili wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe yanayofyonza maji si haba, wakayapiga lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yayo hayo. Birika za kutawadhia katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, zilipigwa lipu ya kuhifadhi maji karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa Mombasa. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka. Ni somo ambalo warekebishaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walilipata kwa uchungu, baada ya kuta za zamani kupakwa saruji ngumu iliyofungia maji ndani. Fundi wa Rongai anayepiga plasta nene ya saruji juu ya ukuta uliolowa, akidhani anauzuia unyevu, anarudia kosa lile lile. Unyevu huo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na doa lililokuwa kiunoni hufika begani.

Mwezi wa Agosti, matangazo ya viwanja na nyumba mpya hujaa tena kando ya barabara za Magadi na Namanga. Kuta huwa zimepakwa rangi mpya na ardhi huwa imepasuka kwa ukavu. Mnunuzi aliye makini anaweza kufanya mambo mawili ambayo dalali hatayapenda: kuomba kuonyeshwa picha za msingi kabla haujafukiwa, na kuahirisha malipo ya mwisho hadi Novemba, mvua ya vuli iwe imenyesha wiki tatu mfululizo, kisha aende mwenyewe akasogeze kabati.